Majivu Hawataki Mashine

Jengo la Tianxiu, Xiaobei
Guangzhou
2 Machi 2024

Eliakimu,

“Kaldmyr walikufa mwaka 1999, siku walipoweka ngoma chini na kuchomeka mashine ukutani. Kinachotoka tangu siku hiyo ni harufu ya maiti.”

Hayo ni maneno yako. Umeyaandika kwa wino kwenye karatasi ya mtihani, ukatia sahihi kama Mwenyekiti wa Wasikilizaji, na Felisia, mfanyabiashara anayetubebea barua, amenikabidhi jana pamoja na kilo mbili za kahawa. Kahawa nimeipokea. Maneno nayarudisha.

Maiti gani? Nimewasikiliza Wanorwei hawa zaidi ya miaka ishirini, tena kwa mpangilio, si kwa kuokota. Albamu ya kwanza, 1996: vijana wanne wamejipaka chokaa usoni, magitaa yanalia kama nyigu ndani ya debe, mmoja anapiga ukelele kana kwamba amefungiwa nje kwenye barafu. Ya pili, chokaa wamenawa. Ya tatu, ndiyo hiyo ya 1999, ngoma hakuna, na mahali pake pana mdundo wa mashine unaochechemea. Mwaka 2003 hata gitaa halipo. Sauti ya mwimbaji imepitishwa kwenye nyaya mpaka imebaki pumzi tu. Ya mwaka juzi ni mngurumo wa dakika arobaini. Nikiisikiliza hapa ghorofa ya kumi na moja, malori ya mizigo yakigeuza chini, sijui muziki umeishia wapi na barabara imeanzia wapi. Inanitoa jasho. Maiti hajawahi kunitoa jasho.

Unasema wamelisaliti gitaa. Gitaa lipi? La umeme! Umeme ukikatika Moshi, Kiplagat, mpiga ngoma wa bendi yenu, hubaki peke yake akigonga kama fundi bati, na magitaa yenu yanageuka kuni. Mmekuwa mkipiga mashine tangu siku ya kwanza, ila mashine yenu ina nyuzi sita.

Wala usinifundishe uaminifu. Vijana wale wa 1996 walilichukia kanisa waziwazi. Wewe kila Jumapili unapiga tarumbeta usharikani, umefunga tai. Nilipokuuliza ulijibu, “Tunachukua sauti, maneno tunawaachia wenyewe.” Kumbe ulichagua! Ulitwaa nusu ukaacha nusu, na hakuna aliyekuita msaliti.

Lakini Wanorwei wanaweza kujitetea. Nakuandikia kwa ajili ya Agripina, mtoto wa dada yako. Uliwalea Majivu kwenye ghala la kahawa nyuma ya nyumba yako, bendi pekee ya muziki wa metali nyeusi Kilimanjaro nzima, na gitaa lao la kwanza ni yeye. Yupo hapa mwaka wa pili, anasoma uhandisi wa sauti. Amewatumia wimbo wa dakika tisa kwa ajili ya albamu yenu, nawe umetangaza kwamba asipouondoa kabla ya Jumamosi ya mwisho ya Mei, ataondolewa yeye.

Unajua ameupataje? Felisia alikwenda Xintang kukagua oda yake ya jinzi, akamchukua. Binti akaingia kwenye ukumbi wa kufulia, mapipa ya vitambaa yanazunguka, maji ya buluu hadi kwenye kifundo cha mguu, akatoa kinasa sauti. Laoban, yaani mwenye kiwanda, akadhani ametumwa na serikali kupima kelele. Akazimisha nusu ya mashine! Agripina akabaki anamsihi, “Washa, bosi, washa zote!” Yule mzee hakuwahi kuombwa kelele maishani mwake. Aliwasha zote, akavuta kigoda, akakaa kusikiliza kiwanda chake mwenyewe.

Huo ndio wimbo unaoutupa. Umeusikiliza mara ngapi? Jibu kwa tarakimu.

Vedasto


Moshi
19 Machi 2024

Vedasto,

Barua yako imefika, ndefu kama desturi ya Wahaya. Nimemsomea mke wangu ile sehemu ya tarumbeta. Amecheka sana, kwa hiyo hujaandika bure.

Umetaka tarakimu. Nimeusikiliza mara moja na nusu. Gitaa linakufa dakika ya pili. Dakika saba zilizobaki ni mashine za kufulia. Ningetaka kusikia nguo zikifuliwa, ningekaa uani kwangu.

Sasa nisikilize na wewe, maana unapenda kusema kuliko kusikia. Mimi sibishani kwa hisia, nina ushahidi, na aliyeniletea ushahidi huo ni wewe. Mwaka 2001 ulirudi kutoka safari yako ya kwanza ya China umekonda kama ufito, huna hata viatu vya maana, lakini ulikuwa na kitu kimoja mkononi: diski ya Kaldmyr, toleo maalumu, ukingo wake umekatwa na Wanorwei wenyewe kwa kishoka, moja baada ya nyingine. Ulinieleza hivyo sebuleni kwangu. Diski hiyo ninayo. Ina nyimbo sita, na wa sita unakatika katikati ya ukelele, pa! Hakuna mwisho, hakuna kuaga. Vijana wale waliogopa nini? Hawakuogopa kitu. Walikata wimbo kama mtu anavyokata tawi.

Kila Jumamosi ya mwisho ya Mei tunaicheza ghalani. Wimbo wa sita ukikatika tunasimama wote, dakika moja, hakuna kukohoa. Unakumbuka, ulikuwepo mara tatu. Majivu wamejengwa juu ya mkato huo. Nyimbo zao zote huishia hivyo, mikono yote kwa pamoja, na watu wa Arusha na Nairobi wanautambua: ule ni mkato wa Moshi.

Nelly wa Majivu aliniletea simu akasema mtandaoni albamu hiyo ina nyimbo nane, na wa nane ni mashine tupu. Nilimwambia, nami nakwambia wewe: hizo mbili zimechomekwa baadaye, na walewale waliokwisha kujiuza, ili wadai kwamba walikuwa hivyo tangu mwanzo. Hata simu yenyewe sikuigusa.

Kwa hiyo usiniambie Kaldmyr walikuwa na mashine tumboni. Diski yako inakusuta.

Agripina ni damu yangu. Nilimwekea vidole kwenye nyuzi akiwa na miaka kumi. Hilo halibadilishi kitu. Majivu hawataki mashine.

Eliakimu


Guangzhou
27 Machi 2024

Eliakimu,

Nakujibu kwa kifupi. Jovitha, msafiri atakayebeba barua hii, anaondoka leo na ana nafasi ya bahasha moja tu, na mimi nina kontena limekwama bandarini.

Kuhusu diski sina la kuongeza. Diski ni plastiki. Tuzungumze muziki.

Hujanijibu kuhusu kanisa. Hujanijibu kuhusu umeme. Mwalimu wa hesabu mwenye miaka hamsini na mbili anasikiliza wimbo wa mpwa wake mara moja na nusu, kisha anatoa hukumu! Ungemsahihisha mwanafunzi hivyo? Kwamba umesoma nusu ya karatasi ukaandika sifuri?

Nasisitiza: sikiliza dakika zote tisa. Hayo ya nyimbo sita au nane yaache, hayana maana.

Vedasto


Bweni la wanafunzi wa nje
Panyu, Guangzhou
6 Aprili 2024

Mzee Vedasto,

Shikamoo.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu utanikatiza.

Juzi nilikwenda kwa mzee Liang, yule muuza rekodi kuukuu, nimtafutie mwalimu wangu kanda fulani. Nikamwambia napenda Kaldmyr. Akacheka, akavuta droo. Ilijaa diski, Mzee. Za kwaya, za watoto, za matarumbeta ya Mexico, za mwanamke fulani wa Ufaransa. Zote zimekatwa ukingoni. Zote zina “kishoka cha Wanorwei”.

Alinieleza polepole, nusu Kichina nusu vidole. Zamani makampuni ya muziki ya ng'ambo yakibakiwa na diski zisizouzika, yalizipiga msumeno ili zisiuzwe tena, yakazisafirisha huku kama taka za plastiki zikayeyushwe. Watu wa hapa wakazichambua kwenye marundo, wakauza barabarani karibu na stesheni. Wengi walipata muziki wa nje kwa njia hiyo. Diski husomwa kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa hiyo msumeno unakula nyimbo za mwisho. Mzee Liang anasema kizazi chake kizima hakijui albamu zinaishaje. Aliona ni mzaha. Mimi nilicheka naye. Halafu nikaacha.

Ana ya Kaldmyr nzima, ya mwaka uleule 1996, na kijitabu chake ndani. Nyimbo nane. Wa nane hauna gitaa hata moja. Kijitabu kinasema mpiga besi alifanya kazi kwenye kiwanda cha kusindika samaki, akarekodi mkanda unaobeba samaki na mitambo ya kugandisha. Dakika kumi na moja. Ulikuwepo siku ileile waliyojipaka chokaa. Nimeinunua.

Ulijua? Najua jibu. Ile barua yako ya Machi ulinionyesha mwenyewe kabla ya kuituma, “diski ni plastiki, tuzungumze muziki”, nikashangaa. Hujawahi kuacha hoja ikupite bila kuipiga ngumi.

Tangu nina miaka kumi na sita nimesimama kimya dakika moja, kila mwaka, kwa heshima ya msumeno wa kiwandani. Vidole vyangu vimefundishwa kukata. Kila nikitaka wimbo uendelee nilikuwa naambiwa, hapana, Kaldmyr hawaendi huko. Huku nimejifunza kuuacha uende, na kwa kosa hilo nafukuzwa na mjomba wangu.

Naomba usinitetee tena kwa kurasa nne za maneno makali. Mwambie ulichofanya. Diski nimeiacha ofisini kwako, kwa dada wa mapokezi. Felisia anasafiri tarehe kumi na tano.

Agripina


Guangzhou
14 Aprili 2024

Eliakimu,

Ndani ya kifurushi hiki utakuta diski. Ipapase ukingo wake. Haina pengo popote.

Sasa kaa chini.

Mwaka 2001 sikununua toleo maalumu. Nilikaa Guangzhou siku kumi na nane, nikatapeliwa kwenye soko la Zhanxi viatu vyote nilivyokuja kununua, nikala mkate na maji. Siku ya mwisho nilikuta mtu amemwaga rundo la diski kwenye turubai. Nikaona jina la Kaldmyr, lile tulilolisoma mimi na wewe kwenye gazeti la zamani tukiwa chuoni, tukaapa kuusikia muziki huo kabla ya kufa. Ilikuwa taka, imepigwa msumeno pamoja na kwaya na nyimbo za watoto. Nilijua ni taka. Nilikuja kwako sina kitu, mkeo akanipikia, ukaniuliza, “Huku kumekatwa nini?” Ningesema nini? Kwamba rafiki yako msomi amezunguka nusu ya dunia akakuletea kipande cha jalala? Nikasema kishoka. Nilitaka kukwambia kesho yake. Kesho yake ulikuwa umeshaita watu waje kuisikiliza.

Nilisimama nanyi mara tatu. Mara tatu nilinyamaza pamoja nanyi na sikukohoa.

Haya, nitukane. Nina haki yote ya kutukanwa. Lakini ukimaliza, weka diski kwenye mashine yako, usikilize wa saba na wa nane. Hazikuchomekwa. Walikuwa hivyo tangu mwanzo. Wewe mwenyewe ndiye uliyeandika neno hilo, “tangu mwanzo”, ukidhani unanimaliza. Njia yote waliyopita baada ya hapo, kufuta chokaa, kuacha ngoma, kuacha gitaa, ilianzia kwenye mkanda wa samaki ulioliwa na msumeno. Hawakubadili dini. Walitembea kuelekea walikokuwa wanatazama.

Na huyo binti unayemfukuza alifika hapo bila kuusikia wimbo wa nane. Aliingia kiwanda cha jinzi Xintang akafanya kile kile alichofanya kijana wa Norwei kwenye kiwanda cha samaki, miaka ishirini na minane baadaye, hakuna aliyemwonyesha. Kama huo si ukoo wa Kaldmyr, ukoo ni nini?

Uongo ni wangu. Usiulipize kwake.

Vedasto


Moshi
1 Mei 2024

Vedasto,

Siku tisa sikuweza kukuandikia. Mke wangu alificha kalamu.

Nimeisikiliza. Niliwaita Kiplagat, Nelly na Lusajo, tukakaa ghalani. Wimbo wa sita ulipofika pale panapokatika, Lusajo alisimama kwa mazoea. Ukelele ukaendelea. Uliendelea, Vedasto, ukashuka taratibu mpaka ukaisha kama mtu anayeishiwa na pumzi, na Lusajo amesimama katikati ya chumba hajui akae au afanyeje. Hakuna aliyecheka. Sijui kama nitakusamehe kwa lile, si kwa diski, kwa uso wa kijana yule.

Wa nane ni wao. Sibishi. Nina masikio, ni mkono uleule. Wameusaliti muziki mapema zaidi ya nilivyodhani, basi.

Lakini kura ya kumwondoa Agripina iko palepale. Nawe kwa kuwa umesema kweli yako, nami nikwambie yangu, mara moja, usiijibu kwa hoja. Wimbo wa Agripina nimeusikiliza sasa mara kumi na nne. Ndiyo, tarakimu. Lile gitaa la dakika mbili za kwanza ni langu. Ni vidole nilivyomfundisha, hata lile kosa dogo la kidole cha tatu ni langu. Halafu linarudi nyuma, linarudi, mashine zinapanda, halisikiki tena. Wewe unasikia ukoo wa Kaldmyr. Mimi nasikia mtoto anayeniaga bila kuniambia. Aliyetengeneza wimbo ule harudi Moshi.

Heri nimwondoe mimi kuliko aondoke.

Vijana watapiga kura Jumamosi ya tarehe 25, kwa kunyoosha mikono, mbele yangu. Ghala ni langu, spika ni zangu. Najua watanyoosha vipi.

Eliakimu


Jengo la Tianxiu, Xiaobei
Guangzhou
9 Mei 2024

Kwa Kiplagat, Nelly na Lusajo, Majivu, Moshi.

Barua hii haipiti kwa Mwenyekiti. Nimempa Felisia aiweke mikononi mwa Nelly, na nimemwomba asikubali hata kikombe cha chai kabla hajafanya hivyo.

Mnanifahamu kama mtu aliyewadanganya. Sawa. Lusajo, kwako naomba radhi kwa jina. Wengine jiombeni radhi wenyewe, maana mlikuwa na simu, mlikuwa na nyimbo nane mfukoni miaka yote, na mlimwacha mtu mmoja awaambie mlichosikia hakipo. Nelly, wewe ulimpelekea. Alipokataa kuigusa, uliirudisha mfukoni. Kwa nini?

Kuna jambo Mwenyekiti ameniambia ambalo si langu kulitangaza, ila nitasema hivi: sababu anayowapa ya Majivu kukataa mashine siyo sababu aliyo nayo. Anampenda binti yule kuliko ghala na spika zake zote. Anaogopa. Na hofu ya mjomba ni ya mjomba, aibebe yeye. Ninyi hamkuchaguliwa kuibeba kwa mikono yenu mitatu iliyonyooka hewani.

Mtaambiwa Agripina hatarudi. Mimi sijui. Nimeishi huku miaka kumi na sita, nimeona wanaorudi na wasiorudi, na sijawahi kuona aliyerudishwa na mlango uliofungwa. Jana amenijia ofisini, amekaa juu ya marobota, anasubiri nimalize kumfokea mtu wa forodha kwenye simu. Nikamuuliza, “Wakikutoa utafanyaje?” Akasema, “Nitapiga muziki, Mzee. Nitafanyaje tena?” Nikamwambia basi huna shida. Akanitazama vile ninyi mnavyomjua. “Shida ninayo. Nitakuwa napigia nani?”

Anawapigia ninyi watatu. Zile dakika saba zilizomkasirisha Mwenyekiti zina nafasi ndani yake, nimezisikia mpaka nimeziona: mahali pa ngoma pako wazi, mahali pa besi pako wazi. Kiplagat, kuanzia dakika ya nne yale mapipa ya kufulia yanazunguka kwa mwendo wako, ule unaovuta nyuma kidogo. Hakuyapanga hivyo kwa bahati. Aliwaachia viti. Hakuna aliyewaambia kwa sababu hakuna kati yenu aliyemuuliza. Mnasubiri kura, kana kwamba amefariki na mnagawana vyombo.

Kwa hiyo nawadai, sibembelezi.

Tarehe 25 msinyooshe mkono. Yeyote akiwaambia muunyooshe, uwekeni mfukoni, hata kama chumba ni chake. Kabla ya siku hiyo kila mmoja wenu aketi peke yake, ausikilize wimbo wa Agripina dakika zote tisa, akiwa na ala yake mkononi, kisha aandike barua. Si mimi wa kuandikiwa, wala si Mwenyekiti. Mwandikieni yeye. Mseme mnautaka au hamuutaki, mseme kwa nini, mtie sahihi ya jina lenu wenyewe. Kama ni hapana, iwe hapana ya Nelly, hapana ya Lusajo, hapana ya Kiplagat, aijue kwa mwandiko, aweze kuijibu.

Felisia anarudi Guangzhou tarehe 22. Nataka ashuke ndege na bahasha tatu. Nitakuwa uwanjani kumpokea, na Agripina atakuwa pembeni yangu. Akifika na mbili, yule wa tatu ajue kwamba binti huyo atasoma majina ya waliopo, halafu atageuka kuniuliza ni nani hayupo, na mimi nitamjibu.

Vedasto